Kutoka Kule Hadi Huku: Maisha ya Salum Abdallah na Athari ya Wimbo wa La Paloma

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi nchini Tanzania imezoeleka kuelezwa kwa namna moja. Santuri za Kuba ziliingia nchini kwa njia ya bandari, vijana wa mijini wakazisikiliza na kuziiga, na baada ya muda mrefu wakapata sauti yao wenyewe. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yana upungufu mmoja mkubwa. Yanamchukulia msikilizaji wa Kiafrika kama mtungi unaojazwa maji ya kisima cha mwingine, na hayaulizi ni kwa nini msikilizaji huyo alipenda wimbo fulani na kuuacha mwingine, wala hayaulizi lugha yake mwenyewe ilichangia nini katika kupenda huko.

Maisha ya Salum Abdallah Yazidu (1928-1965), aliyefahamika pia kwa herufi za mwanzo za majina yake, SAY, yanatoa nafasi nzuri ya kulichunguza suala hili upya. Salum ndiye mwanzilishi wa Cuban Marimba ya Morogoro, mojawapo ya bendi zilizokuwa na jina kubwa Tanganyika katika miaka ya 1950 na 1960. Kabla ya Cuban Marimba alianzisha bendi nyingine, na bendi hiyo aliipa jina la wimbo alioupenda: La Paloma. Ni nadra kwa mtafiti wa sanaa kupata ushahidi ulio wazi kiasi hiki. Kwa kawaida athari ya kigeni hukisiwa kutokana na milio na mapigo. Hapa mhusika ameitaja mwenyewe katika jina la chombo alichokiunda.

Makala haya yanayaeleza maisha ya Salum kwa kuufuata wimbo huo. Hoja inayojengwa ni kwamba La Paloma ulimpa Salum kipimo cha kutungia kuliko ulivyompa kitu cha kuiga, na kwamba kipimo hicho kilimkaa vizuri kwa sababu kilipatana na umbo la lugha aliyoizungumza tangu utoto. Hoja hii ina uzito wake. Ikiwa dansi ni uigaji tu, basi nyimbo zake hazina nafasi katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili isipokuwa kama mfano wa kasumba ya ukoloni. Ikiwa sivyo, basi tungo za watu kama Salum ni sehemu ya fasihi hiyo, na kuzipuuza ni kuiacha nusu ya ushairi wa mijini wa karne ya 20 bila mchambuzi.

2.0 Morogoro na Malezi ya Salum

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Kwa hiyo alikulia katika nyumba ambamo pwani na milima ya Uluguru zilikutana, na Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya makutano hayo. Hali hiyo haikuwa ya nyumba moja tu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli hiyo yalikuja mashamba ya mkonge, na mkonge ukaleta vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Mji ulio chini ya milima ukawa njiapanda ya watu wasioelewana kwa lugha za kwao, na Kiswahili kikawa cha lazima sokoni, stesheni, kambini na katika starehe.

Starehe za mji kama huo zilikuwa na historia yake. Beni, ngoma iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa imesambaa bara kufuata njia za biashara, askari na reli. Beni ilirithisha miji ya Tanganyika mambo mawili yaliyokuja kuwa msingi wa dansi. Kwanza, ilizoesha watu kuchukua ala na mavazi ya wageni na kuyatia katika mashindano ya wenyeji. Pili, ilijenga desturi ya mji mmoja kuwa na vyama viwili vinavyopingana, kila kimoja kikiwa na wapenzi wake na nyimbo zake za kujisifu na za kumpiga mwenzake vijembe. Dar es Salaam Jazz Band ilipoanzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz ilipofuata mwaka 1944, desturi hizo zilikuwa tayari zimekomaa.

Hivyo Salum, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, aliishi katika mji uliokuwa tayari na bendi yake ya dansi. Angeweza kujiunga nayo na kuridhika. Kilichomvuta pembeni ni sauti nyingine iliyotoka mbali zaidi.

3.0 Wimbo Uliosafiri

Ni muhimu kuueleza wimbo wenyewe kabla ya kumweleza aliyeupenda, kwa sababu historia yake ina mafunzo. La Paloma ni kazi ya Sebastián Iradier, mtunzi wa Kibaski kutoka kaskazini mwa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1809 na kufariki mwezi Desemba 1865. Iradier hakuwa mtu wa Kuba. Alifika Kuba katika safari zake za Amerika, akaupenda mdundo wa habanera uliokuwa ukichezwa Havana, kisha akatunga nyimbo kadhaa kwa mdundo huo. Mmojawapo, El Arreglito, ulichukuliwa na Georges Bizet na kutiwa katika opera yake ya Carmen ya mwaka 1875. La Paloma ulitoka katikati ya karne ya 19, ukaenea Meksiko na Ulaya, na hatimaye ukazunguka dunia.

Maudhui ya wimbo ni mepesi. Msafiri wa baharini aliyeondoka Havana anamwomba mpenzi wake kwamba, njiwa akija kutua dirishani, ampokee kwa upole, kwani njiwa huyo ni yeye mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na taswira hiyo. Katika ushairi wa Kiswahili na katika nyimbo za taarab, ndege ni mjumbe wa wapenzi waliotenganishwa na bahari au safari, na hutumwa kupeleka salamu pale ambapo miguu haifiki. Pengine hii ni sababu mojawapo ya wimbo huo kupata makazi ya kudumu katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Huko Unguja umezoeleka kupigwa mwishoni mwa sherehe za harusi, wakati wageni wanapoagana.

Mdundo wa habanera, kwa upande wake, haukuwa wa Hispania peke yake. Uliumbika Kuba, mahali ambapo dansi za Ulaya zilikutana na mapigo ya watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wakiwamo wengi wa eneo la Kongo wenye lugha za Kibantu. Kwa hiyo wimbo uliomfikia Salum ulikuwa umepita mikono mingi. Mapigo yalivuka bahari kutoka Afrika kwenda Kuba, yakasikiwa na mgeni kutoka Ulaya, yakatiwa katika karatasi, yakaimbwa duniani kote, kisha yakarudi Afrika. Yule aliyedhaniwa kuwa muigaji wa mwisho alikuwa, kwa namna fulani, jamaa wa mbali wa wenye mali.

Chombo kilichowezesha safari ya mwisho kilikuwa santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kutoa mfululizo wa sahani zilizojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa na muziki wa Kuba, na sahani hizo ziliuzwa kwa wingi barani Afrika. Ya kwanza katika mfululizo huo ilikuwa El Manisero ya Don Azpiazú, iliyorekodiwa mwaka 1930. Aliyekuwa na gramafoni ya kukoroga kwa mkono hakuhitaji umeme wala mwalimu. Alihitaji sindano, sahani, na majirani wenye subira. Kizazi cha Salum kilijifunza muziki wa Kuba kwa njia hiyo, kwa kurudia sahani mpaka mikwaruzo yake ikakaririwa pamoja na sauti.

4.0 Kwa Nini Kihispania Kilikubalika

Swali linalopaswa kuulizwa na mwanaisimu ni hili: katika miaka hiyo nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na Kiingereza kilikuwa lugha ya shule, ofisi na cheo. Kwa nini basi vijana wa Morogoro walivutwa na nyimbo za Kihispania, lugha isiyokuwa na mtawala, shule wala soko katika Tanganyika?

Jibu la kisiasa lipo, nalo lina maana: muziki wa Kuba ulikuwa wa kisasa bila kuwa wa Mwingereza. Ulimwezesha kijana kuvaa suti na kucheza dansi pasipo kujifanya bwana. Lakini jibu hilo halitoshi, kwani kulikuwa na nyimbo za mataifa mengine pia. Jibu la kifonolojia linaongeza jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha.

Kihispania na Kiswahili vina irabu tano zilezile: a, e, i, o, u. Lugha zote mbili zina silabi wazi kwa wingi, yaani silabi zinazoishia kwa irabu, ingawa Kiswahili kimezidi katika hilo. Zaidi ya hayo, katika Kiswahili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika Kihispania maneno mengi yanayoishia kwa irabu hufuata kanuni hiyohiyo. Neno paloma linatosha kuwa mfano. Lina silabi tatu wazi, pa-lo-ma, na mkazo wake uko kwenye lo. Mzungumzaji wa Kiswahili hulitamka bila kuongeza irabu na bila kuhamisha mkazo, sawasawa na anavyotamka salama au kusoma. Linganisha na maneno ya Kiingereza, ambayo hayakuingia katika Kiswahili ila baada ya kutengenezwa upya kwa kuongezewa irabu, kama inavyoonekana katika gilasi, stempu na benki.

Matokeo yake ni kwamba mwimbaji wa Kiswahili aliyekariri wimbo wa Kihispania, hata bila kuelewa neno lolote, alikuwa akiimba katika umbo la sauti analolijua. Na alipotaka kuyaondoa maneno ya kigeni na kuweka ya kwake, hakulazimika kuvunja muziki. Pale ambapo noti ndefu iliangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno la Kihispania, neno la Kiswahili liliingia likiwa na mkazo mahali palepale. Mlango ulikuwa na kipimo kimoja na mwenye kuingia.

Hoja hii haihitaji kudhani kwamba Salum alikijua Kihispania au alizijua kanuni za mkazo. Mtunzi husikia kinachokaa na kisichokaa kabla ya mwanaisimu kuja na maelezo. Kinachodaiwa hapa ni kwamba sikio lake lilichagua wimbo ambao lugha yake ingeweza kuukalia.

5.0 Siku za La Paloma

Mapenzi ya Salum kwa muziki huo hayakuishia kwenye gramafoni. Katika masimulizi yanayoelezwa kuhusu ujana wake, lipo moja linalorudiwa zaidi ya mengine: kwamba aliwahi kutoroka nyumbani akaenda Mombasa kwa nia ya kupanda meli ya kumfikisha Kuba, na kwamba safari yake iliishia hapo bandarini, akarudi Morogoro. Masimulizi ya namna hii huchongwa na kila anayeyapokea, na mtafiti anapaswa kuyatumia kwa tahadhari. Hata hivyo, kuendelea kusimuliwa kwake kuna ushahidi wa aina yake. Kunaonyesha kwamba watu wa mji wake walimwelewa kuwa kijana aliyeisikia sauti kwa mbali na kutaka kuifuata hadi ilikotoka.

Kuba hakufika. Badala yake, mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka ishirini, aliungana na rafiki zake wakaanzisha bendi na kuiita La Paloma.

Uamuzi huo wa jina unastahili kuangaliwa kwa jicho la elimu-majina. Bendi za dansi za Tanganyika zilikuwa na utaratibu wa kujiita kwa jina la mahali likifuatiwa na neno Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, na baadaye Kilwa Jazz. Katika majina hayo neno Jazz halikuwa na maana ya muziki wa jazi wa Marekani. Lilikuwa kitambulisho cha bendi ya kisasa, na uzito wa jina ulikaa kwenye mahali: bendi ilikuwa ya mji, na mji ulikuwa na bendi. Salum na wenzake waliukataa utaratibu huo. Hawakujiita kwa mji wao, ambao tayari jina lake lilikuwa limechukuliwa na wapinzani. Walijiita kwa wimbo. Kwa kufanya hivyo walitangaza kwamba kinachowaunganisha ni upendo wa sauti fulani, na yeyote mwenye upendo huo ni mwenzao.

Jina hilo lilikuwa pia na hatari yake. Bendi inayojiita kwa wimbo wa mtu mwingine imejiwekea kipimo hadharani: kila apitaye ukumbini ana haki ya kulinganisha. Vijana wa La Paloma walijifunga kutimiza ahadi iliyokuwa katika jina lao. Hapana budi kukiri kwamba katika hatua hii kuiga kulikuwapo, na kwa kiasi kikubwa. Katika bendi za wakati huo maneno ya Kihispania, au yaliyofanana na Kihispania, yaliimbwa na watu wasioyaelewa mbele ya watu wasioyaelewa. Mchambuzi anayetaka kuonyesha kasumba atapata mifano ya kutosha hapa.

Lakini kuiga ni hatua ya kujifunza katika sanaa zote za Waswahili. Mwanafunzi wa ushairi hukariri tungo za wakongwe kabla ya kutunga. Manju chipukizi huanza kama mwitikiaji. Hakuna anayemwita mwanafunzi huyo kasuku maadamu anaendelea. Swali la haki ni kama Salum aliendelea, na jibu linapatikana katika yaliyofuata.

6.0 Cuban Marimba

Mwaka 1952 Salum alianzisha bendi iliyompatia umaarufu, Cuban Marimba. Kwa haraka, jina hili nalo laonekana kuwa la kigeni zaidi kuliko la kwanza, kwani linaitaja Kuba waziwazi na kwa Kiingereza. Uchambuzi wa neno la pili unaonyesha jambo tofauti.

Marimba ni neno la Kibantu. Lina kiambishi awali ma- cha wingi na mzizi unaopatikana katika lugha nyingi za kundi hilo, kwa umbo la -rimba au -limba, kwa maana ya ala ya vibao au ya vijiti vya chuma. Wagogo, jirani wa Morogoro kwa upande wa magharibi, wana ala yao ya vijiti vya chuma waiitayo ilimba, au malimba kwa wingi. Neno hilo lilivuka Bahari ya Atlantiki pamoja na watumwa, likakita mizizi Amerika, na huko Kuba likazaa jina la marímbula, sanduku lenye vipande vya chuma linalopiga sauti nzito katika muziki wa son. Kwa hiyo jina la Cuban Marimba linakutanisha nchi ya mbali na neno la nyumbani, na kwa kukutana huko linaeleza kwa maneno mawili historia ambayo vitabu vilichukua muda mrefu kuikubali: kwamba muziki wa Kuba una asili ya Afrika ndani yake. Haijalishi kama Salum alilikusudia hilo kwa ukamilifu wake. Jina lilieleweka na wapenzi wake kwa sababu nusu yake ilikuwa yao.

Katika bendi hii ndipo Kiswahili kilipochukua nafasi kamili. Salum alitunga na kuimba kuhusu mapenzi, dua, sifa za bendi, na mambo ya jamii. Mapigo yalibaki ya rumba, bolero na, kuanzia katikati ya miaka ya 1950, cha-cha-cha, mtindo uliokuwa umezuka Kuba mwanzoni mwa muongo huo. Maneno yalikuwa ya Morogoro. Kipimo cha kutungia kilichopatikana katika siku za La Paloma sasa kilikuwa kimejazwa na mtunzi mwenyewe.

Kurekodi kulikuja pia. Nyimbo nyingi za Cuban Marimba zilitolewa na Mzuri, lebo iliyokuwa na makao yake Mombasa. Mji uliosimuliwa kuwa mwisho wa safari yake ya ujanani ukawa ndio mwanzo wa safari ya sauti yake. Safari hii sauti haikuhitaji meli. Ilisafiri katika sahani na katika mawimbi ya redio, ambayo nayo yalikuwa yakikua: Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika haikuweza kuchukua zaidi ya dakika tatu hivi kila upande. Sharti hilo lilimlazimisha mtunzi wa dansi kubana usemi wake: beti chache, kiitikio kifupi kinachoshikika upesi, na nafasi ya magitaa kusema yao. Kwa mtazamo wa fani, hapa ndipo utungo wa dansi ulipoachana na utenzi na shairi refu na kuwa bahari yenye kanuni zake.

Nyumbani, mashindano na Morogoro Jazz yalikuwa makali. Desturi ya beni ya vyama viwili ndani ya mji mmoja ilikuwa imepata wenyewe wapya. Wapenzi wa bendi hizo mbili waligawanyika, na mgawanyiko huo uliufaidi muziki, kwa sababu kila bendi ililazimika kutunga mara kwa mara ili isipitwe. Morogoro, mji usiokuwa makao makuu ya nchi wala bandari, ukawa na sauti iliyosikika kote Afrika ya Mashariki.

7.0 Ngoma Iko Huku

Miongoni mwa nyimbo za Salum, uliodumu zaidi katika kumbukumbu ni Ngoma Iko Huku. Jina la wimbo huo pekee linatosha kufunga mjadala wa uigaji, kama likichunguzwa neno kwa neno.

Kwanza, neno ngoma. Katika Tanganyika ya ukoloni ngoma na dansi yalikuwa maneno yanayopingana. Ngoma ilihesabiwa kuwa ya shamba, ya kabila na ya zamani. Dansi ilikuwa ya mji, ya waliosoma na ya kisasa. Aliyevaa suti kwenda dansini alikuwa akijitenga na aliyekwenda ngomani. Salum, kiongozi wa bendi ya dansi yenye jina la Kuba, anaiita sanaa yake ngoma. Kwa neno moja anaivunja tofauti iliyokuwa ikigawa wasikilizaji wake. Magitaa na manyanga yanawekwa katika nasaba moja na ngoma za Waluguru, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja tu la chombo, lingine la mchezo na lingine la tukio. Ngoma ni vyote vitatu.

Pili, kionyeshi huku. Mfumo wa vionyeshi vya mahali katika Kiswahili hutofautisha ukaribu na umbali, na pia udhahiri na uenezi. Hapa ni mahali dhahiri palipo karibu na msemaji. Huku ni eneo la karibu lisilowekewa mipaka. Kule ni eneo la mbali. Mtunzi angeweza kusema ngoma iko hapa, akawa anatangaza ukumbi mmoja wa usiku mmoja. Kwa kusema huku anataja upande mzima, yaani upande wetu. Na kila huku huwa na kule yake, ingawa haikutajwa. Kwa wapenzi wa Morogoro kule ilikuwa kwa wapinzani. Kwa anayeyatazama maisha ya mtunzi kwa ujumla, kule ni Kuba pia. Kijana aliyetaka kwenda kuutafuta muziki ulikotoka amefikia kutangaza kwamba muziki uko alipo.

Mabadiliko hayo ya mtunzi yalikwenda sambamba na mabadiliko ya nchi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1964 iliungana na Zanzibar. Wimbo wa Salum unaojulikana kama Wanawake wa Tanzania una ushahidi wa tarehe ndani ya jina lake. Jina la Tanzania lilichukuliwa rasmi mwezi Oktoba 1964. Kwa hiyo wimbo huo ni wa takriban mwaka wa mwisho wa maisha ya mtunzi. Bendi iliyoitwa kwa jina la nchi ya mbali ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuliimba jina la nchi mpya.

8.0 Kifo na Yaliyobaki

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya barabarani mwezi Novemba 1965, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Ilikuwa karibu miaka mia moja kamili tangu kufariki kwa Iradier, mtunzi wa wimbo uliompa jina la bendi yake ya kwanza.

Cuban Marimba haikufa pamoja naye. Iliendelea chini ya Juma Kilaza, aliyeiongoza katika miaka ya 1970. Ushindani wa Morogoro nao uliendelea, kwani katika Morogoro Jazz alikuwa amejitokeza kijana Mbaraka Mwinshehe, aliyekuja kuwa mpiga gitaa na mtunzi mwenye sifa kubwa kabisa nchini. Naye pia alichukuliwa na barabara, mwezi Januari 1979, nchini Kenya. Mji mmoja uliwapoteza watunzi wake wawili wakubwa kwa njia moja, wote wakiwa bado katika nguvu za utunzi.

Mwaka 2000 sehemu ya nyimbo za Salum za kati ya 1955 na 1965 ilitolewa upya Ujerumani katika diski iliyopewa jina la Ngoma Iko Huku. Jambo hilo ni la kushukuriwa, lakini lina somo lake. Toleo hilo linaanzia mwaka 1955, ilhali La Paloma ilianzishwa mwaka 1948. Miaka saba ya mwanzo, miaka ambayo sikio la Salum lilikuwa likigeuka kuwa sauti yake, haimo ndani yake. Kwa kiasi kikubwa miaka hiyo ilihifadhiwa vichwani mwa waliokuwapo, na aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1948 leo ni mkongwe mno au ametangulia mbele ya haki. Taaluma ya fasihi simulizi imejizoesha kukimbilia vijijini kukusanya ngano kabla wazee hawajaondoka. Haikukimbia kwa kasi hiyohiyo kwenda kwa wazee wa dansi wa mijini, kwa sababu ilidhani walichokuwa nacho si cha kwao.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba athari ya wimbo mmoja katika maisha ya Salum Abdallah haiwezi kuelezwa kwa neno kuiga peke yake. Wimbo wa La Paloma ulimfikia ukiwa umekwisha kupita Afrika, Kuba na Ulaya. Ulikuwa na taswira ambayo ushairi wa Kiswahili uliijua, na umbo la sauti ambalo lugha ya Kiswahili ililikubali bila kulitengeneza upya. Kwa wimbo huo aliipa jina bendi yake ya kwanza, na kwa kipimo chake alijifunza kutunga. Kisha akayaweka maneno ya mji wake mahali pa maneno ya Havana, akaiita kazi yake ngoma, na akaionyesha kuwa iko huku.

Kwa wanafunzi wa isimu na fasihi, kazi mbili zinabaki. Ya kwanza ni uchambuzi wa kina wa mkazo, silabi na noti katika tungo za dansi za miaka ya 1950 na 1960, ili hoja ya kifonolojia iliyotolewa hapa ipimwe kwa nyimbo nyingi zaidi. Ya pili ni kukusanya kumbukumbu za siku za mwanzo za bendi katika miji iliyokuwa kwenye njia za reli, kuanzia Morogoro hadi Tabora na Kigoma. Kazi ya kwanza inaweza kusubiri, kwa kuwa sahani zipo. Ya pili haina muda.